Ugonjwa wa Jamaa Unaofanana na Ulevi

Tuseme kuna mtu mmoja, mshirika wa kanisa, anayekaa karibu na bandari ya Kalundu. Kazi yake ni uvuvi. Jioni anatoka na wenzake na taa zao kuvua ndagala, asubuhi wanarudi. Umri wake ni miaka 38. Siku hizi wenzake wanaona kwamba akitaka kukanyaga ukingo wa mtumbwi, mguu wake unakosa. Njiani anatembea ametanua miguu, kama mtu aliyesimama ndani ya mtumbwi, ingawa yuko pa nchi kavu. Maneno yake yanajikokota. Jioni moja anapepesuka mbele ya duka, na watu wanacheka, wanasema kasiksi imemshinda. Habari inafika kwa wazee wa kanisa, nao wanamwita. Anawaambia kwamba hajakunywa. Wazee wanamtazama jinsi anavyoyumba hata akisimama mbele yao, kisha wanatazamana. Siku hiyo anatengwa na Meza ya Bwana.

Sasa tuongeze jambo jingine. Miaka miwili kabla ya baba kuanza kuyumba, mtoto wake wa miaka 9 alianza kushindwa kuona maneno ubaoni shuleni. Walimu walimsogeza mbele, lakini haikusaidia. Baadaye akaanza kuanguka akikimbia, na kumwaga maji kila alipobeba kikombe. Basi mtoto alitangulia, baba akafuata. Watu wa ukoo wakakaa pamoja na kuuliza ni nani aliyeleta mambo haya, na jibu likapatikana upesi mno: mtoto ndiye anayemla baba yake.

Mvuvi huyu na mtoto wake tumewatunga ili tupate kufundisha. Lakini ugonjwa wenyewe hatukuutunga. Uko, una jina, na umeonekana katika nchi inayogusa ziwa letu hili hili. Ukifuata ziwa Tanganyika kutoka Uvira kwenda kusini, ukapita Baraka na Kalemie, mwisho wake utafika Zambia. Huko, katika Hospitali ya Mafunzo ya Chuo Kikuu mjini Lusaka, wanganga waliona jamaa ambazo watu wake waliyumba na kupoteza nuru ya macho. Walichunguza damu zao pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, na mwaka 2017 wakaandika waliyoyapata. Ugonjwa ule wataalamu wanauita SCA7. Katika Afrika Kusini kwenyewe nao umepatikana katika jamaa nyingi za watu weusi.

Ni ugonjwa wa namna gani? Nyuma ya kichwa, chini kidogo, iko sehemu ya ubongo inayopatanisha miendo ya mwili. Sehemu hii ndiyo inayouwezesha mkono kupeleka kijiko mdomoni bila kupotea njia. Katika SCA7 chembe za sehemu hii zinakufa kidogo kidogo, mwaka hata mwaka. Vilevile zinakufa chembe za pazia lile la nyuma ya jicho linalopokea nuru. Mgonjwa anaanza kwa kuchanganya rangi na kusumbuliwa na mwanga mkali, kisha anashindwa kuona kile anachokikazia macho, ingawa pembeni bado anaona. Miwani haimsaidii. Watu wazima wengine wanatangulia kuyumba, ndipo macho yanafuata. Watoto mara nyingi wanatangulia macho.

Na chanzo chake ni nini? Hapa tunaomba msomaji asome polepole, maana ndipo penye shina la jambo.

Katika kila chembe ya mwili imo kama daftari iliyoandikwa jinsi ya kuujenga mwili na kuutunza. Wataalamu wanaiita DNA. Imeandikwa kwa herufi nne tu, na kila fungu la maneno lenye kazi yake linaitwa jeni. Kila mtu amepewa daftari mbili, moja imenakiliwa kutoka kwa baba, moja kutoka kwa mama.

Ninyi mnaoimba kwaya mnajua kazi ya kunakili. Mwimbaji anaazima daftari ya mwenzake, anakaa kibarazani, anaanza kuandika wimbo. Maneno ya kawaida hayamsumbui. Lakini akifika mahali ambapo neno moja linarudiwa, tuseme mara 10 mfululizo, hapo macho yanateleza. Anaandika neno, anainua macho, anarudi, hajui tena alikuwa wapi. Mwishowe ameandika mara 12. Mwenzake akinakili kutoka daftari hii ataona mara 12, naye pengine ataandika mara 15. Kadiri neno linavyorudiwa zaidi, ndivyo anayenakili anavyozidi kupotea. Hakuna aliyekusudia kuharibu wimbo.

Hivyo ndivyo ilivyo katika SCA7. Katika jeni moja, ambayo wataalamu waliitambua mwaka 1997, yako maandiko matatu madogo, C na A na G, yanayorudiwa. Sisi sote tunayo. Watu wengi wanayo mara 10 hivi, na hayawadhuru hata kidogo. Hata yakifika 20 na zaidi hakuna shida. Yakifika 37 na kuendelea, ugonjwa utakuja. Jeni hii inauagiza mwili kutengeneza kitu fulani cha kazi ndani ya chembe, na marudio yakizidi kitu hicho kinatoka na mkia mrefu usio wa lazima. Kinajikunja vibaya, kinakwama, na baada ya miaka chembe inakufa.

Sasa msomaji ataelewa kwa nini mtoto alitangulia. Neno lililorudiwa mara nyingi linazidi kuteleza linaponakiliwa, na linateleza zaidi katika mbegu za baba, ambazo mwili wake unazitengeneza upya siku zote. Kwa mfano, baba anaweza kuwa na marudio 45, akamzaa mtoto mwenye 70. Na kadiri marudio yanavyozidi, ugonjwa unaanza mapema zaidi. Mwenye 45 ataanza akiwa mtu mzima. Mwenye 70 anaweza kuanza akiwa darasani. Wako watoto wachanga waliopokea marudio zaidi ya 200, wakafa kabla baba hajajikwaa hata mara moja. Basi mtoto hakumpa baba ugonjwa. Baba ndiye aliyempa mtoto, bila kujua, siku mimba ilipotungwa, na yeye mwenyewe alipokea hivyo hivyo kutoka kwa mzazi wake.

Tunarudia jambo hili kwa sababu katika miji yetu watoto wamefukuzwa nyumbani, wamefungiwa ndani bila chakula, hata wamechomwa, kwa shitaka la uchawi, na mara nyingine ni watu wenye Biblia mkononi waliotangulia kulitamka. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009, ile ya kulinda mtoto, inamtia hatiani mtu anayemshitaki mtoto kuwa mchawi, na adhabu yake ni kifungo. Lakini kabla ya kufika kwa sheria, hesabu ya marudio yenyewe inatosha kumtetea mtoto.

Na mama wa nyumba hii je? Mara nyingi yeye anashitakiwa baada ya mtoto. Mazungumzo yanakuwa hivi.

Mama: Munganga, wakwe zangu wanasema laana hii nimeileta kutoka kwetu.

Munganga: Hapana, mama. Je, katika watu wa bwana wako, yuko aliyeyumba zamani?

Mama: Baba mkwe alikufa kijana, sikumkuta. Wanasema alikuwa mlevi sana.

Munganga: Walimwona akinywa?

Mama: Wanasema tu alikuwa anayumba.

Hapo munganga anaacha kalamu kidogo. Mara nyingi "mlevi" wa zamani katika masimulizi ya ukoo ndiye anayefungua mlango wa habari yote. Wakati mwingine anaitwa "aliyelogwa kwenye mtumbwi" au "aliyepofuka". Na kama ugonjwa ungepita upande wa mama, bado asingekuwa na hatia. Wanafunzi wa Yesu waliuliza juu ya kipofu, ni nani aliyefanya dhambi, yeye au wazazi wake, na jibu walilopewa halikumhesabia dhambi yeyote kati yao. Imo katika Injili ya Yohana, sura ya 9.

Watu wa ziwa jingine, mbali sana na hapa, walipitia jambo linalofanana. Katika nchi ya Venezuela, Amerika ya Kusini, liko ziwa Maracaibo, na kando yake wavuvi wamejenga vijiji, nyumba nyingine juu ya nguzo majini. Katika miaka ya 1950 munganga kijana, Américo Negrette, alifika kufanya kazi huko. Aliona watu wakitembea njiani huku wanapepesuka na mikono ikirukaruka, naye akadhani wamelewa. Wenyeji wakamwambia kwamba si pombe, ni ugonjwa wa jamaa hizo. Alichunguza, akaona wamesema kweli, akaandika kitabu mwaka 1963. Ulikuwa ugonjwa wa Huntington, unaoitwa kwa jina la munganga Mmarekani George Huntington, aliyeueleza mwaka 1872 akiwa na umri wa miaka 22. Baba yake na babu yake walikuwa wanganga mahali pale pale, nao walikuwa wamewatibu watu wa jamaa zile zile. Ndiyo sababu kijana aliweza kuona jinsi ugonjwa unavyoshuka kutoka mzazi hadi mtoto.

Baadaye mama mmoja Mmarekani, Nancy Wexler, ambaye mama yake mzazi alikufa kwa ugonjwa huo, alikwenda Maracaibo na wenzake mwaka baada ya mwaka. Waliandika ukoo wa watu zaidi ya 18,000 na kuchukua damu ya wengi. Kwa damu ya wavuvi wale, mwaka 1983 ilijulikana ni katika kromosomu gani kosa lilipo, na mwaka 1993 jeni yenyewe ikapatikana. Huko nako ni C, A na G zinazorudiwa. Zikiwa 26 au pungufu si neno. Zikiwa 40 na zaidi ugonjwa utakuja, mara nyingi kati ya miaka 30 na 50. Mgonjwa wa Huntington mwili wake unacheza bila yeye kutaka, lakini pia tabia inageuka: anakuwa mkali, au mwenye huzuni nyingi, anasahau, anatupa fedha. Jamaa wanaomwangalia wajue kwamba huzuni hiyo ni sehemu ya ugonjwa, na akinena juu ya kujiua wasimwache peke yake, wamlete hospitalini.

Mtu asiseme ni magonjwa ya Wazungu. Mwaka 2001 ulitambuliwa ugonjwa mwingine unaofanana kabisa na wa Huntington lakini unatoka katika jeni nyingine, na walioonekana nao ni watu wa asili ya Afrika. Yako pia magonjwa mengine ya marudio, kama ule unaowachelewesha watoto, hasa wa kiume, katika kusema na kujifunza. Jeni yake ilijulikana mwaka 1991. Huo unahitaji somo lake.

Hata hivyo, si kila anayeyumba ana ugonjwa wa kurithi, na hapa tunataka kuwa wakali kidogo. Tumesikia watu wakipata habari ya magonjwa ya ukoo, kisha wanakata tamaa na kukaa nyumbani na mgonjwa ambaye angepona. Mtoto ambaye mikono na uso vinarukaruka majuma machache au miezi michache baada ya koo kuuma, huyo anahitaji penisilini na kuchunguzwa moyo. Kucheza huko kutaisha. Kaswende na virusi vya UKIMWI vinaweza kuharibu mwendo, navyo vina dawa. Malale vilevile. Aliyelala mzima akaamka miguu yote miwili imekakamaa, hasa wakati wa njaa, pengine ana konzo, ugonjwa unaotokana na sumu ya mihogo michungu isiyolowekwa siku za kutosha. Katika Kivu ya Kusini uliandikwa mwaka 2011, kutoka Burhinyi. Konzo haiponi kabisa, lakini haiendelei kuongezeka kila mwaka, na mihogo ikilowekwa vema wengine wa nyumba wataokoka. Na kweli, pombe ya miaka mingi, hasa lutuku, inaharibu sehemu ile ile ya nyuma ya ubongo. Ndiyo sababu munganga atauliza habari za pombe, na mgonjwa asiudhike.

Lakini wazee wa kanisa wanaweza kutambua jambo moja bila mashine yoyote. Mlevi akilala usingizi, kesho yake anatembea sawa. Mgonjwa huyu anayumba alfajiri kama alivyoyumba jioni, hata mwezi akikaa machoni pa watu bila kugusa pombe. Mwambieni aguse pua yake kwa kidole, kisha aguse kidole chako, mara kadhaa. Mwambieni atembee akiweka kisigino cha mguu mmoja mbele ya kidole cha mguu wa pili. Akishindwa asubuhi naye hana harufu ya pombe, pelekeni barua hospitalini kabla ya kupeleka shauri lake mbele ya kanisa. Aliyekwisha kutengwa kwa kosa hili arudishwe mbele ya watu wote, kama alivyoondolewa mbele ya watu wote.

Wengi wa wasomaji wetu wanajua ugonjwa wa SS, ule wa damu. Huo unakuja wakati baba na mama wote wawili wamempa mtoto jeni yenye kosa, nao wenyewe ni wazima. SCA7 na Huntington sivyo: mzazi mmoja anatosha. Fikiri kikapu chenye maembe mawili, moja zima na moja lenye funza. Mtoto anaingiza mkono amefumba macho na kutoa moja. Kwa kila mtoto anayezaliwa kikapu kinajazwa upya, kwa hiyo katika watoto wanne pengine wawili watapokea ugonjwa, pengine wote, pengine hakuna. Na hili ni neno la furaha ambalo watu wanalisahau: mtoto aliyetoa embe zima hawezi kuwarithisha watoto wake kile ambacho hana. Kwake ugonjwa umekwisha.

Je, mtu mzima asiye na dalili yoyote anaweza kujua alitoa lipi? Anaweza, kwa kupimwa damu. Kipimo hiki hakiko katika hospitali nyingi za kwetu. Chuo Kikuu cha Kinshasa kina kituo cha elimu ya urithi wa binadamu, na munganga wenu ndiye wa kuulizwa kama iko njia ya kupeleka damu huko au kwingine. Lakini tunamshauri kijana asikimbilie. Jibu likishatoka halirudi. Wako waliotaka kujua ili wapange ndoa na uzazi wao, wakashukuru. Wako wengi zaidi, hata katika nchi zenye vipimo mlangoni, waliochagua kutojua, nao si waoga. Mtu achague mwenyewe, amekwisha timiza miaka ya utu uzima, asilazimishwe na mchumba, wala na wakwe wanaongojea kupanga mahari, wala na mchungaji. Mtoto mzima asiye na dalili asipimwe. Tumwachie uchaguzi wake mpaka akue. Lakini mchumba ana haki ya kuambiwa kwamba katika jamaa uko ugonjwa. Kumficha mpaka baada ya arusi kunaweza kuvunja nyumba.

Dawa ya kuponya bado haijapatikana kwa SCA7 wala kwa Huntington. Tusimdanganye mtu, na mufumu anayedai mbuzi mweusi asimdanganye pia. Kutunza ndiko kunakobaki, nako kuna faida kubwa. Mvuvi aache kutoka usiku mtumbwini mapema, kabla ziwa halijamchukua. Anaweza kushona nyavu ameketi, muda mrefu bado. Mpeni fimbo ndefu. Jiko la makaa liwe mbali na njia anayopita. Kila siku atembee kidogo akishikwa mkono, maana misuli iliyolala inadhoofu upesi. Chakula ni jambo kubwa kuliko yote: baadaye mgonjwa anapaliwa, maji na chakula vinaingia njia ya pumzi, na wengi wanakufa kwa homa ya mapafu. Aketi wima, kidevu kikiinama kidogo. Ale polepole, kidogo kidogo, bila kusemeshwa. Uji mzito unashuka vizuri kuliko maji. Ndagala zisagwe, samaki mkeke atolewe miiba kabisa. Mwenye Huntington anahitaji chakula kingi kuliko mtu mzima, maana mwili unaocheza mchana kutwa unateketeza nguvu. Mtoto asiyeona ubaoni abaki shuleni, mwenzake amsomee kwa sauti.

Mkija hospitalini, msije na mgonjwa peke yake. Chukueni karatasi moja kubwa. Juu andikeni babu na bibi wa pande zote mbili, chini yao watoto wao wote, pamoja na waliokufa wachanga, na chini yao wajukuu. Kando ya kila jina andikeni kama aliyumba, au alipofuka, au aliitwa mlevi, na alikuwa na umri gani yalipoanza. Asiyejua mwaka aseme tu, "kabla ya vita vya 1996" au "mwaka ule aliozaliwa fulani". Mwulizeni shangazi mkubwa. Mara nyingi yeye ndiye anayekumbuka. Karatasi hiyo munganga ataisoma kabla hajamgusa mgonjwa.